Surat na mto Tapi: kwa miaka mia nne, nani alikuwa mwenye mji?

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nilitumikia serikali za mitaa kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na katika muda huo wote hakuna swali lililonisumbua kuliko lile ambalo mwananchi huuliza mtaro unapoziba mbele ya nyumba yake: hili ni la nani? Halmashauri humtuma wilayani, wilaya humtuma idara ya maji, na idara ya maji humrudisha alikotoka, huku maji yakiingia sebuleni. Nimefungua uzi huu kuhusu mji ambao swali hilo limeuandama tangu enzi za wafalme wa Mughal, ile dola ya Kiislamu iliyotawala sehemu kubwa ya India, hadi leo, nao ni Surat, katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India.

Surat iko kwenye ukingo wa kusini wa mto Tapi, karibu na mahali mto huo unapomwaga maji yake katika Ghuba ya Khambhat. Tapi ni mto wa zaidi ya kilomita 700 unaoanzia Madhya Pradesh, ukapita Maharashtra na kuingia Gujarat, yaani mji unapokea mwishoni maji ambayo yamenyeshea watu wengine. Jambo hilo naomba mlishike, kwa sababu nitalirudia. Kwenye ukingo wa pili, karibu kutazamana na Surat, uko mji wa Rander, ambao ni mkongwe zaidi kama bandari na ambao Wareno waliuchoma pamoja na Surat mwaka 1530. Baada ya mashambulizi hayo ya Wareno, Sultani Mahmud wa Tatu wa Gujarat aliamuru ijengwe ngome imara kando ya mto. Kazi hiyo ilisimamiwa na ofisa wake aliyepewa cheo cha Khudawand Khan, ikakamilika katika miaka ya 1540. Ngome hiyo bado imesimama.

Mwaka 1573 Akbar, mfalme wa Mughal, aliizingira ngome na kuiteka, na hapo ndipo mpangilio wa utawala unaonivutia ulipoanza kujengeka. Mji na bandari viliwekwa chini ya ofisa aliyeitwa mutasadi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa forodha, kodi na amani ya mitaani. Ngome yenyewe, pamoja na mizinga na askari wake, ilikuwa chini ya ofisa mwingine aliyeitwa kiladari. Hawa wawili hawakuwa mkubwa na mdogo wake. Kila mmoja aliteuliwa na mfalme na kuwajibika kwake moja kwa moja, na mutasadi hakuwa na amri juu ya lango la ngome iliyo umbali wa hatua chache tu kutoka forodhani. Mantiki yake inaeleweka vizuri: bandari ilikuwa tajiri mno kiasi kwamba mfalme hakutaka mtu mmoja ashike fedha na mizinga kwa pamoja, asije akajitangaza sultani.

Utajiri huo haukuwa wa kubuni. Surat ilikuwa bandari kuu ya himaya nzima kwa bidhaa na kwa mahujaji, hata ikaitwa Mlango wa Makka. Mfalme Shah Jahan alimpa binti yake, Jahanara, mapato ya bandari hii. Mwaka 1644 ofisa aliyeitwa Haqiqat Khan alijenga hapo sarai kubwa ya kuwalaza wasafiri. Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki walipata nafasi baada ya meli za Thomas Best kupambana na Wareno kwenye nanga ya Suvali, mdomoni mwa mto, mwaka 1612, na mwaka uliofuata wakaruhusiwa na mfalme Jahangir kufungua ghala na ofisi yao mjini. Waholanzi walifuata, kisha Wafaransa. Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba Wazungu ndio waliokuwa matajiri wa Surat. Virji Vora, mfanyabiashara wa mji huo katika karne ya 17, alikuwa akiikopesha Kampuni yenyewe. Mulla Abdul Ghafur, aliyefariki mwaka 1718, alimiliki meli nyingi kiasi kwamba biashara yake peke yake ingeweza kulinganishwa na ya kampuni nzima ya kigeni.

Sasa tazameni kilichotokea Januari 1664. Shivaji, kiongozi wa Wamaratha waliokuwa wapinzani wa Mughal, alifika na wapanda farasi wake wakati mji hauna ukuta wa maana. Gavana wa mji, yaani mutasadi wa wakati huo, Inayat Khan, aliingia ndani ya ngome na kufunga lango. Ngome haikutekwa, ila mji uliporwa kwa siku kadhaa na kuchomwa, na nyumba ya Virji Vora ilikuwa miongoni mwa zilizovunjwa. Waingereza chini ya George Oxenden na Waholanzi walilinda majengo yao wenyewe na wakanusurika. Kila aliyekuwa na bunduki alilinda mlango wake. Mtu wa kawaida wa Surat, yule fundi wa kufuma hariri au mchuuzi wa sokoni, hakuwa na ofisa hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kumlinda yeye. Shivaji alirudi tena Oktoba 1670. Baadaye ndipo zilipojengwa kuta za matofali, wa ndani ukiitwa Shahar Panah na wa nje Alam Panah.

Mimi naliona tukio hilo la 1664 kuwa ufunguo wa historia yote ya utawala wa Surat, na nitaeleza kwa nini kadiri tunavyoendelea. Karibuni tuchangie.

#2 Mchangiaji kutoka Mombasa

Mkuu, shukrani kwa uzi huu uliotulia. Sisi wa pwani jina la Surat si geni kabisa, maana wazee wetu waliwajua Mabohora na Mabanyani waliotoka upande huo wa Gujarat na waliofanya biashara ya nguo na pembe za ndovu na pwani yetu. Naomba uguse mambo mawili. La kwanza, nimewahi kusikia kwamba Waafrika walishika madaraka Surat. Je, ni kweli? La pili, Kampuni ya Waingereza ilitoka vipi kwenye kukopa hadi kutawala?

#3 Mwanzisha uzi

Ahsante sana ndugu yangu. Maswali yako mawili yana jibu moja, kwa sababu Waingereza waliingia ngomeni kwa kumtoa Mwafrika.

Watu wanaoitwa Wasidi ni wazao wa Waafrika waliofika India kwa njia za biashara, utumwa na utumishi wa kijeshi kutoka Pembe ya Afrika na pwani ya Afrika Mashariki. Baadhi yao walitawala kisiwa chenye ngome cha Janjira, kusini mwa Mumbai, na walikuwa mabaharia hodari wa vita. Baada ya Shivaji kuionyesha dunia kwamba Surat haina ulinzi, mfalme Aurangzeb wa Mughal aliwapa Wasidi wa Janjira kazi ya kuwa jeshi lake la majini, na malipo yao yalitolewa katika mapato ya Surat. Hapo akaongezeka mtu wa tatu mezani: mutasadi mwenye forodha, kiladari mwenye ngome na Msidi mwenye meli, wote wakila kutoka katika mfuko mmoja.

Dola ya Mughal ilipodhoofika katika karne ya 18, mutasadi akageuka kuwa nawabu anayejitawala kwa jina la mfalme wa mbali, huku Siddi Masud akiishika ngome na kudai sehemu yake ya forodha. Wamaratha nao walidai robo ya mapato, iliyoitwa chauth, na robo hiyo ikagawanywa kati ya wakuu wao wawili, Peshwa wa Pune na Gaekwad wa Baroda. Mfanyabiashara aliyeshusha shehena yake alikuwa analipia wakubwa wanne ambao hawasikilizani. Watu wa pwani watalitambua neno la forodha lililotumika Surat, kwani liliitwa furza, kutokana na Kiarabu kilekile kilichotupatia sisi forodha.

Wafanyabiashara walichoka, na Kampuni ikautumia uchovu huo. Machi 1759 askari wake walimtoa Msidi ngomeni, na hati za mfalme wa Delhi zikaikabidhi Kampuni vyeo viwili, ukamanda wa ngome na ukamanda wa meli za vita. Naomba mwone ustadi wake: Kampuni haikujitangaza kuwa mtawala. Ilivaa kofia mbili zilizokuwapo tayari tangu enzi za Aurangzeb, na nawabu akaachiwa mji na kesi zake. Kwa miaka arobaini bendera ya Mughal na ya Kampuni zilipepea pamoja juu ya ngome moja. Mwaka 1800 nawabu Nasiruddin alitia saini mkataba wa kukabidhi utawala wote, wa kiraia na wa kijeshi, akabaki na posho na heshima ya jina. Wa mwisho katika ukoo huo alifariki mwaka 1842, na cheo kikazikwa naye.

Nguvu ya fedha za wenyeji haikufutika mara moja. Hundi za mabenki ya Surat, yaani zile barua za kulipana fedha kutoka mji hadi mji, ziliisaidia Kampuni kugharimia vita vyake, na neno hundi wafanyabiashara wao wamelifikisha mpaka kwenye Kiswahili chetu. Kampuni yenyewe, lakini, ilikuwa imehamishia makao yake makuu Bombay, Mumbai ya leo, tangu mwaka 1687, na biashara ikafuata. Kufikia mwaka 1847 Surat ilikuwa na watu wapatao 80,000 tu. Miaka kumi kabla ya hapo, Aprili 1837, moto ulikuwa umeteketeza zaidi ya nyumba 9,000, na kabla mwaka haujaisha mto nao ukafurika.

Kuhusu Mabohora, ni kweli kabisa. Surat ilikuwa makao ya viongozi wao wa dini kwa muda mrefu, na chuo chao cha Aljamea-tus-Saifiyah kilianzishwa huko mwanzoni mwa karne ya 19. Leo chuo hicho kina tawi Nairobi.

#4 Mchangiaji kutoka Dodoma

Shikamoo mzee wetu. Mimi nasoma shahada ya utawala wa umma, na katika vitabu vyetu India hutajwa kama chimbuko la mfumo wa mkuu wa wilaya. Naomba utueleze huyo anayeitwa kolekta ni nani, na katika mji kama Surat anatofautiana vipi na mkurugenzi wa jiji. Je, yule mgawanyiko wa mutasadi na kiladari uliisha Waingereza walipokuja?

#5 Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo moyo wa uzi huu, hivyo niruhusu nirefushe.

Baada ya 1800 Surat ilifanywa wilaya chini ya Bombay, na mkuu wake akaitwa kolekta, maana yake mkusanyaji, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ilikuwa kukusanya kodi ya ardhi. Alikuwa pia hakimu wa wilaya. Chini yake ilijengwa ngazi ambayo majina yake hayajabadilika hadi leo: wilaya imegawanywa katika taluka, kila taluka ina mamlatdari, na vijijini yuko talati, karani anayeandika nani analima shamba lipi na anadaiwa kiasi gani. Cheo hicho cha kolekta Waingereza walikileta hata Afrika Mashariki. Katika miaka ya mwanzo ya Himaya yao ya Afrika Mashariki maofisa wa wilaya waliitwa hivyo kabla ya jina kubadilishwa, kama vile walivyoleta rupia na sheria ya jinai ya India. Hivyo vitabu vyako havijakosea.

Kolekta alikuwa na nguvu nyingi, lakini watu wa Surat hawakuwa kondoo. Mwaka 1844 serikali ilipandisha kodi ya chumvi kutoka nusu rupia hadi rupia nzima kwa kila kipimo cha maund, na mji ukafunga maduka na kuingia barabarani mpaka kodi hiyo ikapunguzwa. Mwaka 1848 serikali ilijaribu kuleta mizani na vipimo vipya, na wenyeji wakagoma hadi mpango ukaondolewa.

Manispaa ya Surat iliundwa mwaka 1852, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa katika India. Wenyeji waliiogopa kwanza kama mlango mwingine wa kodi, na hofu hiyo ilikuwa na haki yake. Ofisi zake zilihamia mwaka 1867 katika ile sarai ya Haqiqat Khan niliyoitaja, ambayo katikati hapo ilikuwa imegeuzwa gereza. Jengo lililojengwa kuwalaza mahujaji mwaka 1644 ndilo hadi sasa makao makuu ya halmashauri ya jiji, na kila nikilifikiria jambo hilo najisikia furaha isiyo na kifani. Daraja kubwa la kwanza juu ya Tapi, lililofunguliwa mwaka 1877, lilipewa jina la Theodore Hope, aliyekuwa kolekta wa wilaya.

Ukitaka kuona mfumo wa kolekta ukitikisika, soma habari za taluka ya Bardoli, iliyo ndani ya wilaya ya Surat. Kodi ya ardhi ilikuwa ikikadiriwa upya kila baada ya takribani miaka thelathini. Katika makadirio mapya ya Bardoli ofisa mmoja alipendekeza iongezwe kwa asilimia 30, na serikali ya Bombay hatimaye ikaamua asilimia 22. Wakulima walisema hesabu hizo zilifanywa mezani, bila kukagua mashamba wala gharama za kilimo. Kuanzia Februari 1928, wakiongozwa na Vallabhbhai Patel, walikataa kulipa hata senti. Serikali ilikamata nyati na ardhi. Watu wakafungia nyati ndani ya nyumba walizolala wao wenyewe, wakavumilia giza na joto. Kilichoiumiza serikali zaidi ni kwamba wakuu wa vijiji na baadhi ya matalati walijiuzulu, na bila talati kolekta haoni kitu, kwa maana hajui shamba lipi ni la nani. Agosti yakafikiwa makubaliano, na uchunguzi wa maofisa wawili, Broomfield na Maxwell, ukagundua kwamba ongezeko lililostahili lilikuwa takribani asilimia 6. Patel alitoka pale na jina la Sardar, yaani kiongozi, alilokuwa nalo hadi kufa kwake. Miaka miwili baadaye Gandhi aliokota chumvi, kupinga kodi ya chumvi, huko Dandi, kijiji cha pwani ambacho nacho wakati huo kilikuwa katika wilaya hiihii.

Baada ya uhuru wilaya ilipanuka kwa kumeza maeneo ya jirani yaliyokuwa ya utawala wa Baroda, kisha ikaanza kukatwa. Jimbo la Gujarat lilizaliwa tarehe 1 Mei 1960. Mwaka 1964 sehemu ya kusini ikawa wilaya ya Valsad, na ndani yake ikatoka Navsari mwaka 1997, ndiyo maana Dandi leo iko Navsari. Tarehe 2 Oktoba 2007 upande wa mashariki, wenye wakazi wengi wa jamii za asili kama Wagamit na Wachaudhari, ukawa wilaya ya Tapi yenye makao yake Vyara.

Sasa nikujibu moja kwa moja. Leo kolekta wa Surat ni mtumishi wa serikali anayesimamia ardhi, uchaguzi, maafa na ngazi ile ya mamlatdari na talati. Vijijini yako mabaraza ya kuchaguliwa ya kijiji, taluka na wilaya, na baraza la wilaya lina mtendaji wake ambaye si kolekta. Ndani ya mipaka ya jiji iko halmashauri iliyopandishwa hadhi kuwa ya jiji mwaka 1966, yenye madiwani 120 wanaochaguliwa kutoka kata 30, na meya anayechaguliwa na madiwani hao. Mtendaji mkuu wa jiji huitwa kamishna, naye hachaguliwi na mwananchi; huletwa na serikali ya jimbo. Polisi wa jiji wana kamishna wao mwingine. Kwa hiyo, mwanangu, mgawanyiko haukuisha, ila umegawanywa upya kwa sheria zilizoandikwa.

#6 Mchangiaji kutoka Arusha

Mkuu, naheshimu sana maelezo yako, lakini nina hoja ya kukupinga kidogo. Unaonyesha kama mamlaka kugawanyika ndiyo ugonjwa. Mimi naona mgawanyiko ndio kinga ya raia dhidi ya mtu mmoja mwenye nguvu zote. Zaidi ya hayo, ninavyokumbuka, mwaka 1994 dunia nzima ilisikia habari za tauni ya Surat, na aliyeusafisha mji baada ya hapo alikuwa kamishna ambaye hakuchaguliwa na mtu, akibomoa nyumba na maduka. Je, hilo ndilo unalolisifu?

#7 Mwanzisha uzi

Hoja yako ni nzito na naipokea kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamia bomoabomoa mahali nilipokuwa nikifanya kazi, na nyuso za waliobomolewa sijazisahau, kwa hiyo jambo hili silizungumzii kwa wepesi.

Septemba 1994, baada ya mvua kubwa na mafuriko, hospitali za Surat zilianza kupokea wagonjwa waliotambuliwa kuwa na tauni ya mapafu. Waliofariki walikuwa hamsini na kitu, lakini hofu iliwaondoa watu laki kadhaa mjini ndani ya siku chache, na ndege na bidhaa za India zikazuiwa katika nchi nyingi. Surat ya wakati huo ilikuwa na viwanda vya nguo na karakana za kusanifu almasi zilizovuta vibarua kutoka Saurashtra, Odisha na kwingineko, nao waliishi katika mabanda yaliyoota bila mitaro wala vyoo, mengine nje kidogo ya mpaka wa halmashauri ambako hapakuwa na wa kuyahudumia. Taka zililala barabarani kwa siku nyingi. Mji ulikuwa na fedha, na ulikuwa na ofisi za kila aina.

Mei 1995 aliletwa kamishna S. R. Rao. Kubomoa ndiko kunakokumbukwa zaidi, na ni kweli alianza na majengo haramu ya wenye nguvu kabla ya kuwagusa wanyonge, jambo ambalo lilimjengea imani. Lakini mimi ninachokisoma kwa makini zaidi ni hatua nyingine. Aliugawa mji katika kanda sita na kumpa mkuu wa kila kanda mamlaka ya fedha na ya wafanyakazi ambayo awali yalikuwa ya kamishna mwenyewe. Kisha akawaondoa maofisa wote ofisini asubuhi: kila siku walitakiwa wawe mitaani kwanza, wakague mitaro na majalala, na mchana wakutane kutoa taarifa ya walichokiona. Mwananchi wa kanda fulani alijua sasa jina la mtu wa kumwendea. Barabara kuu zilianza kufagiwa usiku. Mwaka 1996 Surat ilitajwa kuwa mji wa pili kwa usafi nchini India, nyuma ya Chandigarh.

Kwa hiyo hoja yako naikubali nusu. Mamlaka kugawanywa kunaweza kuwa kinga, na Rao naye aliyagawa ya kwake. Tofauti na mutasadi na kiladari ni kwamba mgawanyo wa 1664 ulimwangalia mfalme, na kila ofisa alijua anachomlindia bwana wake lakini hakuna aliyejua anachomlindia mkazi. Mgawanyo wa 1995 ulianzia mtaroni. Wasiwasi wako kuhusu mtu asiyechaguliwa unabaki palepale, na sitajaribu kuufuta. Rao aliondoka baada ya takribani miaka miwili na nusu. Bahati ya Surat ni kwamba utaratibu wa kanda na ukaguzi wa asubuhi uliendelea na waliomfuata.

#8 Mchangiaji kutoka Mombasa

Mzee, mwanzoni ulituambia tushike kwamba mji unapokea maji ya watu wengine, na ukaahidi kurudia. Tunasubiri.

#9 Mwanzisha uzi

Umenikumbusha vema, ndugu yangu, na hapo ndipo pananiuma zaidi.

Tapi imefurika Surat mara nyingi mno, na baada ya uhuru serikali iliamua kuufunga mto kwa bwawa la Ukai, takribani kilomita 100 juu ya mji, lililokamilika mwaka 1972. Bwawa hilo lilijengwa kwa kazi tatu kwa pamoja, yaani kumwagilia mashamba, kuzalisha umeme na kupunguza mafuriko. Kazi mbili za kwanza zinataka bwawa lijae. Ya tatu inataka liwe na nafasi tupu. Anayeamua kati ya hizo ni idara ya jimbo inayosimamia umwagiliaji, ambayo haiwajibiki kwa meya wa Surat wala kwa madiwani wake. Wakati huohuo miaka mingi bila mafuriko makubwa iliwashawishi watu, wakajenga hadi kwenye kitanda cha mto, na mto wenyewe ukajaa mchanga na kupungua kina.

Mapema Agosti 2006 mvua kubwa ilinyesha juu, huko Maharashtra na Madhya Pradesh, bwawa likiwa tayari limejaa sana. Milango ilifunguliwa, na maji yaliyoachiliwa yakafikia takribani futi za ujazo laki tisa kwa sekunde, kiasi ambacho mto ndani ya mji usingeweza kukibeba. Sehemu kubwa mno ya Surat, nyumba za ghorofa na mabanda vilevile, ilikaa chini ya maji kwa siku kadhaa bila umeme wala maji ya kunywa, na watu zaidi ya 100 walifariki. Baada ya hapo kulikuwa na mabishano makali: wakosoaji walisema maji yangeachiliwa kidogokidogo siku za nyuma, na waliotetea wakasema mvua ile haikutabirika. Mimi nipo upande wa wakosoaji. Ofisa anayepimwa kwa kiasi cha maji aliyoyahifadhi kwa ajili ya wakulima hataimwaga akiba hiyo Agosti, katikati ya masika ya huko, kwa sababu ya mji ambao si sehemu ya hesabu zake, mpaka awe amelazimishwa na kanuni iliyo wazi.

Mwaka huohuo wa 2006 mipaka ya jiji iliongezwa kutoka kilomita za mraba takribani 112 hadi 326, na mwaka 2020 ikapanuliwa tena hadi 462, ili yale makazi ya pembezoni yaingie chini ya mtu wa kuyahudumia. Sensa ya 2011 ilihesabu watu karibu milioni 4.5 mjini na zaidi ya milioni 6 katika wilaya nzima. Hayo yote ni mema. Lakini tazameni ramani baada ya tarehe 2 Oktoba 2007: wilaya ya Tapi ilipokatwa, bwawa la Ukai lilibaki upande wa Tapi. Kolekta wa Surat, ambaye kwa sheria ndiye mkuu wa maafa katika wilaya yake, hana mamlaka juu ya ardhi lilipojengwa bwawa, kamishna wa jiji hana amri juu ya milango yake, na maji yanatoka katika majimbo mengine mawili. Siku hizi taarifa za kina cha maji hutolewa mapema zaidi kutoka juu kwenda chini, na hilo ni afadhali.

Kuna jambo moja la kufurahisha ambalo nataka mlijue kabla sijalala. Ile ngome ya miaka ya 1540, ambayo mutasadi hakuruhusiwa kuiamuru na ambayo Inayat Khan alijifungia humo, kwa sasa inatunzwa na halmashauri ya jiji. Imekarabatiwa na kufanywa makumbusho, na mtoto wa Surat anaweza kupanda juu ya buruji zake akautazama mto. Milango ya Ukai bado iko mikononi mwa idara ya jimbo.